Mvule, Isale na Ujinga Wangu

Nyie vijana mnaoanza kazi pale msituni mmeniomba niwaandikie niliyojifunza, na mmeniomba kwa shikamoo nzuri, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Lakini kama mlitegemea habari za shujaa aliyewakimbiza wakata miti mpaka Himo, kofia ikiwa bado kichwani, mmekosea mlango. Mimi nilikuwa mlinzi ambaye wezi wa kuni walimwonea huruma. Nimewahi kupewa uji na mama niliyetumwa kumkamata.

Nianze na huo uji. Mimi ni mtu wa Kilema, juu kwenye kahawa na migomba, ambako ukipotea unafuata mfereji wa maji mpaka unafika kwa mtu. Nilipopata kazi ya ulinzi wa msitu nilishuka Moshi na viatu vipya na maringo yote ya mlimani. Nikaukuta msitu wenyewe uko pale mji unapoishia. Umezungukwa na mashamba ya mpunga, upande huu unasikia kengele ya kanisa, upande ule adhana. Nikasema moyoni, hapa mtu anapoteaje?

Wiki ile ile nikapotea. Mivule ile ni mirefu na imefunga juu, huuoni mlima, na mtu wa mlimani asipouona mlima hajui kulia wala kushoto. Nikazunguka weee, mpaka nikakutana na nyayo za viatu kwenye tope. Nikafurahi, nikazifuata nikijua mlinzi mwenzangu yuko mbele. Nilizifuata muda mrefu kabla sijagundua kwamba mlinzi huyo alikuwa mimi. Aliyenitoa ni mama mmoja mwenye mzigo wa kuni mbichi kichwani. Aliutua, akanimiminia uji uliobaki kwenye kidumu chake, akanionyesha njia, akajitwika mzigo wake akaenda zake. Ningemkamataje? Nilikuwa bado nameza.

Aliyenifundisha kazi ni mlinzi mkuu wetu, Mzee Mfinanga, Mpare mwembamba ambaye maneno yake yalikuwa machache kuliko meno yake. Alinifundisha kusikiliza. Panga hulia halafu hunyamaza, msumeno hukoroma bila kupumzika. Alinifundisha kutazama vijito: ukiona unga wa mbao unaelea, fuata maji kwenda juu, polepole. Na alinifundisha kusoma jeraha la mvule. Ukiukata hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Yakiwa bado yanadondoka, mwizi yuko karibu. Yakiwa yamekauka, nenda ukanywe chai, maana na yeye yuko kwake anakunywa.

Kasoro ya Mzee Mfinanga ilikuwa moja, alipenda ukosee kwanza ndipo akufundishe. Msimu mmoja aliniambia nitafute mbegu za mvule tuoteshe miche. Nikachagua mti mkubwa kuliko yote upande wa mpungani, nikafyeka chini yake, nikatandika turubai. Kila asubuhi nikakuta vitu laini, virefu kama viwavi, vimeanguka. Nikavikusanya, nikavisia kitaluni, nikavimwagilia maji msimu mzima. Mzee alipita kila siku akisema, "Hongera, kijana. Endelea."

Mwisho nikachoka. "Mzee, mbona haioti?"

"Hayo ni maua ya dume."

"Kwani mti una dume?"

Akanitazama kwa upole sana. "Huko kwenu Kilema jogoo hutaga?"

Basi na nyie mjue, msije mkamwagilia maji maua ya dume. Mvule una mti dume na mti jike, na jike ndio huzaa vitunda vya kijani vinavyopendwa na popo. Nendeni chini ya jike asubuhi mapema, okoteni vilivyoangushwa, osheni nyama yake, kausheni mbegu kivulini, sieni bila kuchelewa. Mche ukishakua msipande mivule mitupu mahali pamoja, kuna mdudu huvimbisha machipukizi yake. Changanyeni na miti mingine, na mtafute mahali penye mwanga. Haya yote nimeyajua kwa kuua miche mingi kuliko mbuzi wa Sanya Juu.

Jike mkubwa tuliyemtegemea kwa mbegu alikuwa mmoja, nasi tulimwita Bikizee. Nyie mnawapeleka wageni wakampige picha. Watu wazima kadhaa wakishikana mikono hawamalizi kumzunguka. Majike mengine makubwa ya upande ule yalishakuwa milango na meza za watu kabla sijaajiriwa. Kwa hiyo mkisikia nasema niliogopa kumpoteza, msidhani ni mahaba ya mzee kwa mti. Bikizee akianguka, miche nayo imekwisha.

Sasa nije kwenye ujinga wenyewe.

Kwa mliokulia kwingine, isale ni ule mmea mwembamba wenye majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba vyetu, mashamba yetu ya nyumbani. Ukimkosea mtu, hata kama umemuumiza vibaya, ukimpelekea jani la isale lililofungwa fundo, hawezi kukupa mgongo. Mchagga anayekataa isale anajitafutia balaa, yeye na nyumba yake. Hilo nililinyonya kwa mama.

Siku moja nikamkamata mama wa Uru na matawi mabichi. Sikuwa na uji mdomoni safari hii, nikajikaza, nikatoa sauti ya kazi. Yule mama hakubishana. Alifungua pindo la kanga, akatoa jani la isale lenye fundo safi, akaninyoshea kwa mikono miwili, macho chini. Nikalipokea. Nikamwambia, "Nenda mama, yameisha." Nikarudi kibandani najiona mtu mwenye utu.

Habari ikafika mtaa wa Pasua kabla yangu. Kuanzia hapo sikukamata mtu asiye na jani. Wakata majani ya ng'ombe wana isale, wachoma mkaa wana isale. Siku moja nikamfumania kijana mmoja mgeni mjini, mtu wa Singida, anabandua magome. Akachomoa kitu mfukoni bila wasiwasi.

"Afande, nimekuletea ile kitu yenu."

"Hili ni jani la hindi."

"Aisee, nisamehe. Yale yenu nimeyakosa."

Na mimi, badala ya kumshika, nikamwelekeza mahali pa kupata isale. Akaenda, akarudi nalo, nikalipokea. Akaondoka na magome.

Hapo bado sijawaambia nilikomwelekeza. Majani ya isale sikuthubutu kuyatupa, nayo mengi yalikuja na kijiti chake. Isale haifi kirahisi, ukichomeka kijiti kinashika. Nikavichomeka nyuma ya kibanda, vikastawi, pakawa na ua mzuri wa isale ambao kila mgeni aliusifia. Wezi wa msitu wakawa hawana haja ya kuyatoa mbali. Wanapita nyuma ya kibanda changu, wanachuma, wanaingia msituni kwa amani ya moyo.

Mzee Mfinanga aliutazama ule ua akatikisa kichwa. "Serikali inakulipa ulinde miti, wewe unakusanya majani." Nikamwambia ni mila yetu, Mpare hawezi kuielewa. Akasema, "Labda." Nilipaswa kuogopa, maana tangu yale maua ya dume niliijua sauti yake anapomwacha mtu akosee.

Na kosa likaja. Asubuhi moja wakati wa ukaguzi niliona unga wa mbao kwenye kijito. Nikaufuata kwenda juu, na kila hatua nilikuwa naomba usinifikishe pale. Ukanifikisha. Bikizee alikuwa amekatwa ubavuni, jeraha refu la kwenda ndani, maziwa yanamtiririka mpaka kwenye mizizi. Msumeno ulikuwa bado umo. Mti ulikuwa umeubana na wakataji wameshindwa kuuchomoa, wakakimbia. Kwenye mpini palikuwa na alama ya fundi, iliyochomwa kwa msumari wa moto.

Niliitambua. Ilikuwa ya Severini, seremala wa Pasua, mwenzangu wa kwaya ya parokia, besi ya kutikisa madirisha. Nilikaa chini nikalia, na sisemi hivi kwa mapambo. Nililia kwa sababu nilijua kwa nini Severini hakuogopa. Nani angemwogopa mlinzi mwenye bustani ya msamaha nyuma ya kibanda?

Mama Afisa, bosi wetu wa misitu, alifika na Mzee Mfinanga. Hatujamaliza kusalimiana, Severini mwenyewe akatokea njiani, amevaa shati la kanisani, jasho linamtoka. Mkononi ana jani la isale lenye fundo. Nililitambua nalo. Lilitoka kwenye ua wangu.

"Gaspari," akasema, na ile besi yote imekuwa sauti ya kifaranga, "nimekukosea. Pokea."

Mkono wangu wa kulia ukanyanyuka wenyewe. Nikaushika kwa wa kushoto.

Mama Afisa hakupaza sauti. "Gaspari, nimesikia una sheria yako ya majani. Ukilipokea hilo, kesho usije kazini. Nitaleta mtu ambaye mti huu utakuwa salama kwake."

Mjue nilivyobanwa. Nikikataa, nimekataa isale mbele ya mashahidi, na nina watoto nyumbani. Nikipokea, nimepoteza kazi, na kila mwenye msumeno Moshi nzima atajua kwamba hata Bikizee bei yake ni jani. Nikasema neno pekee lililonijia, "Nipeni mpaka kesho." Severini akabaki amenyosha mkono. Mama Afisa akamwambia aushushe, apande gari waende kituoni.

Mimi nikapanda Kilema kwa Shangazi Yustina, dada mkubwa wa marehemu baba. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi za mtori. Nikamwamkia, nikamweleza yote, tangu mama wa Uru mpaka Severini. Alisikiliza vizuri. Nilipofika kwenye jani la hindi aliweka kisu chini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Sasa hebu nieleze, mwanangu," akasema alipopata pumzi. "Wakikupa isale, halafu?"

"Halafu nini, Shangazi? Nawasamehe, wanaenda."

"Wanaenda wapi?"

"Kwao."

"Yesu na Maria! Huyu mtoto nani alimlea?" Akafuta machozi kwa upande wa kiganja. "Isale inafungua mlango tu, Gaspari. Ukishaipokea, mnakaa. Mkosaji anataja kosa lake kwa mdomo wake, watu wanasikia. Kisha analipa, mbuzi ama chochote mtakachokubaliana, ndipo mbege inanywewa na mnakuwa ndugu tena. Babu yako alipokea isale ya mtu aliyechepusha maji ya mfereji. Walikaa pale uani mpaka ng'ombe wakarudi, na yule mtu akazibua mfereji msimu mzima. Wewe unafungua mlango halafu unamwacha mtu apite na kuku wako?"

Mila yote ile niliyokuwa namringishia Mzee Mfinanga, nilikuwa naijua nusu.

"Na jingine," akasema akirudi kwenye ndizi zake. "Unasamehe ulichokosewa wewe. Ya serikali waachie serikali. Kwani ule msitu ni kihamba cha baba yako?"

Alinilisha mtori, akanifukuza nishuke kabla ya giza.

Kesho yake nilimwambia Mama Afisa kwamba kesi ya serikali ni yake na sina neno. Ikaenda ilikotakiwa kwenda, Severini akatozwa faini. Alipomalizana nayo nilimwita pale kwa Bikizee, pamoja na Mzee Mfinanga na wale kina mama wa kuni niliokuwa nimewasamehe kwa mkupuo. Mama Afisa naye akaja, nadhani kuona kama nitamchekesha. Severini akaninyoshea jani, nikalipokea kwa mikono miwili.

Akashusha pumzi, akageuka aondoke.

"Unaenda wapi?" nikamwuliza. "Kaa."

Alikaa kwenye mzizi, jeraha likiwa mbele ya uso wake. Nikamwambia ataje kosa. Alianza na habari za mteja aliyetaka milango ya mvule wa kweli, nikamwambia hilo ni kosa la mteja, ataje lake. Ilichukua muda. Mwishowe alisema, "Nilijua ndiye jike wetu wa mbegu. Nikasema Gaspari atanisamehe." Akainama akalia, na mimi nikalia, na kina mama wakatutazama kama watu wawili waliopigwa na jua.

Malipo tukakubaliana: kila Jumamosi atakuja kumtazama Bikizee, na ataotesha miche kitaluni mpaka ishike ardhini na kusimama yenyewe. Kina mama nao wakaona mlango umefunguka, wakataja yao bila kuulizwa. Kitalu kikapata watu.

Kama mti utapona, hakuna aliyejua. Mzee Mfinanga alisema tusubiri tuone kama utazaa. Kiangazi kilipofika Bikizee akapukutika majani yote, nikasali rozari nzima chini yake, mpaka mzee akanikumbusha kwamba kila mvule hupukutika kiangazi na nimekuwa nikiuona ukipukutika tangu niajiriwe. Masika ilipokuja upande wenye jeraha ulichelewa kuchipua. Msimu ule hakuzaa. Uliofuata nao hakuzaa. Severini akawa haimbi vizuri kanisani.

Kisha asubuhi moja nikamsikia anapiga kelele huko msituni, nikakimbia nikijua ameumwa na nyoka. Nilimkuta amepiga magoti, ameokota vitunda vya kijani vyenye alama za meno ya popo, amevijaza kwenye kofia yake. Alinionyesha tu.

Tangu hapo akawa mkali kuliko mimi na serikali pamoja. Aliingia kwenye kikundi cha wananchi wanaotunza msitu, na akimkamata mtu na isale anaipokea vizuri, halafu anamkalisha. Anamkalisha mpaka mtu anataja na makosa ya ujana wake. Nimewasikia wengine wakimsihi, "Tafadhali, tupeleke tu kwa yule mzee Gaspari."

Nilistaafu goti liliponikataa. Kiangazi kilichopita nilikwenda kutembea pale kama mgeni, goti likaanza nongwa zake. Nikaona kijiti kimenyooka kando ya njia, hakina hata jani moja. Nikasema, hiki kimekufa, kitanifaa kwa mkongojo. Nikatoa kisu nikakikata.

Yakatoka maziwa.

Mvule hupukutika kiangazi! Hilo nimewafundisha wangapi? Nilikuwa bado nimesimama pale, kijiti mkononi, vidole vinanata, niliposikia mtu akikohoa kwa besi nyuma yangu.

"Severini, nilidhani kimekauka," nikasema.

"Wote hudhani," akajibu. "Huyo ni mtoto wa Bikizee. Nilimpanda mwenyewe."

Nikachechemea mpaka nyuma ya kibanda, nikachuma jani, nikafunga fundo. Nililifunga mara mbili, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa napewa maishani, sikuwahi kutoa. Severini alilipokea kwa mikono miwili. Tukakaa. Aliita kikundi kizima, nikataja kosa langu kwa mdomo wangu, na yule mama wa Uru, ambaye sasa ni mweka hazina wao, alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Nilipojaribu kuanza na habari za goti, Severini akaniambia hilo ni kosa la goti, nitaje langu.

Niliona aibu, ndiyo. Lakini nawaambieni, sikuwahi kufurahi vile, hata siku ya kuagwa kazini. Miaka yote niliogopa kwamba mti ule utaanguka, kwa sababu aliyepaswa kuulinda alikuwa mlaini. Siku ile, nimekaa chini kwa goti bovu, nahukumiwa na mtu ambaye msumeno wake niliukuta mtini, hofu ile ikaniisha.

Nimepangiwa Jumamosi, kitaluni, mpaka mche wangu mmoja unipite urefu. Mimi ni mfupi, lakini mvule nao hauna haraka. Mkinikuta pale nisalimieni kwa kichwa tu, maana Severini hapendi watu waongee kazini.